Ndoana Inayomfaa Perege

Likizo ya Desemba ilipoanza, kazi za asubuhi za Agatha zilikuwa zile zile: kufagia uwanja, kuosha vyombo vya jana, kufungulia kuku, kisha kuchukua ndoo kwenda kisimani. Kisima hakikuwa mbali. Mtu mwepesi angekwenda na kurudi kabla uji haujapoa. Lakini Agatha alikawia kama mtu aliyetumwa Masasi kwa miguu, na mama yake alijua sababu. Njia ya kisimani ilipita kando ya bwawa.

Bwawa lenyewe halikuwa kitu cha kujivunia. Miaka ya nyuma wajenzi wa barabara walichimba kifusi pale, wakaacha shimo, mvua zikalijaza. Baadaye Bwana Samaki, afisa uvuvi wa wilaya, akaja na madebe mawili ya vifaranga wa perege akawamimina humo. Wenyeji wa kijiji kile, Mwena, walilipita bwawa hilo bila hata kuligeukia. Agatha, yeye alizaliwa Makote, juu kule Newala, ambako maji hufuatwa bondeni alfajiri na kupandishwa mlima kichwani, na mtoto akimwaga kikombe kimoja husikia habari zake mpaka jioni. Ilikuwa imetimia miaka miwili tangu baba yake, fundi seremala Nikolao, apate kazi ya karakana huko Ndanda na kuihamishia familia Mwena. Bado Agatha hakuchoka kushangaa kwamba maji mengi hivyo yamekaa tu, hakuna anayeyabeba.

"Nyie watu wa Newala," alimtania Kibibi, rafiki yake wa nyumba ya pili, "mkiona dimbwi mnalipigia shikamoo."

Agatha alicheka, lakini utani ule ulimkaa moyoni. Ndiyo maana kila Jumamosi alimtazama Mama Huruma kwa mbali tu. Mama Huruma alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyezaliwa ukingoni mwa Mto Ruvuma. Alikuja bwawani na ufito wake wa mwanzi, akakaa kimya kama yuko kanisani, na jua likikaribia kuzama aliondoka na mtungo wa perege. Agatha alitamani sana kumwuliza anafanyaje. Hakuuliza. Kuuliza, aliona, ni kukiri kwamba mtu wa Newala hajui maji.

Wiki ya kwanza ya likizo barua ikafika kutoka Makote. Bibi yake Agatha, mama mzazi wa baba, alikuwa anakuja hospitali ya Ndanda kutibiwa mtoto wa jicho. Baba aliisoma barua yote kwa sauti, na alipofika mwisho akatabasamu. "Bibi anasema, mwambieni Agatha kwamba bado namkumbuka samaki wake."

Siku walipohama Makote, Agatha mwenyewe, tena mbele ya majirani, alimwambia Bibi kwamba anakwenda kwenye maji, na siku Bibi atakapokuja kumtembelea atamvulia samaki kwa mkono wake. Bibi alikuwa amekula samaki maisha yake yote, lakini samaki waliopanda Newala kwa baiskeli kutoka pwani, wakavu kama kuni, ambao sharti uwaloweke usiku kucha ndipo wakumbuke kwamba waliwahi kuogelea. Samaki aliyevuliwa na mtu wa nyumbani mwake na kuingia chunguni siku ile ile, Bibi hakupata kumwonja. Alikuwa mtu wa miaka sabini na zaidi. Agatha alijua kwamba nafasi kama ile huenda isirudi.

"Ahadi ni deni," alisema Baba akiikunja barua.

Vifaa vya kuvulia hakuwa navyo, lakini alikuwa na mikorosho. Baba alikuwa amempa mitatu ya nyuma ya nyumba, aipalilie, aokote na kuanika korosho mwenyewe. Ulikuwa ule mwaka ambao wanunuzi binafsi walianza kuja vijijini na mizani zao, wakilipa papo hapo, na korosho za Agatha zikanunuliwa. Baba hakuzigusa fedha zile. "Ni zako, na akili ni yako," alimwambia. "Ila nunua mara moja. Ukikosea, usije kwangu na mkono mtupu."

Kwanza Agatha alijaribu bila kununua kitu. Mtoto wa wakulima wa korosho hakosi shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Aliipasha motoni, akaikunja ikawa ndoana, akaifunga kwa kamba ya katani aliyoifungua mdomoni mwa gunia, akachomeka tonge la ugali na kuitupa bwawani. Perege wakaja. Wakaula ugali pande zote, taratibu, kwa adabu, mpaka chembe ya mwisho, wakaondoka zao. Kinywa cha perege ni kama kifungo cha shati. Ndoana ile ingeweza kumnyanyua mbuzi.

Kibibi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwulize Mama Huruma," alisema alipopata pumzi.

"Sihitaji kuuliza," alijibu Agatha. "Kosa ni kutumia vitu vya bure. Hujasikia? Rahisi ghali."

Methali ni nzuri, lakini ukiishika vibaya inakata kama kisu. Jumamosi iliyofuata Agatha alifuatana na baba yake hadi Masasi, na Baba alipokwenda kutafuta misumari na vanishi, yeye aliingia katika duka moja la sokoni. Siku hizo maduka yalikuwa yamejaa ghafla vitu vya kila rangi: chupa za chai zenye maua, redio, tochi, saa za plastiki. Na pale juu, ukutani, ilining'inia fimbo nyeusi ya kuvulia, yenye kigurudumu cha kuzungusha uzi kinachong'aa kama kijiko kipya, na samaki wa mpira mwenye macho mekundu na ndoana tatu tumboni.

"Hiyo imetoka ng'ambo," alisema mwenye duka. "Hata papa hatoki."

"Inavua samaki wa bwawani pia?"

"Mwanangu, mimi samaki namjua akiwa sahanini. Lakini kitu cha bei kama hii kitashindwa nini?"

Bei ile ilimeza karibu fedha zote za mikorosho mitatu. Agatha hakujiuliza papa atafuata nini Mwena. Alilipa, akatoka dukani na fimbo begani, na watu walipomgeukia njiani alijiona mvuvi tayari. Baba aliitazama fimbo, akamtazama binti yake, akabeba misumari yake.

Bwawani mambo yalikuwa mengine. Samaki wa mpira alianguka majini kwa kishindo, na perege wote wakakimbilia majani ya upande wa pili. Agatha alipozungusha kigurudumu, uzi ulijisokota ukawa kama kiota cha ndege. Akakaa kuufungua mpaka jua likawa utosini. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu samaki wa mpira alinasa kwenye kisiki katikati ya bwawa. Agatha akavuta, akavuta tena, uzi ukakatika. Yule samaki akabaki kule na macho yake mekundu, na Agatha akarudi nyumbani akilia waziwazi barabarani.

Bibi alikuwa amekwisha kuja. Alilazwa, akapasuliwa jicho la kulia, akarudi nyumbani na bandeji. Ijumaa ya wiki iliyofuata angekwenda kufunguliwa, na Jumapili angepanda basi kurudi Makote, kwa kuwa mvua zilikwisha kuanza na shamba halina likizo. Jicho la kushoto liliona kivuli tu. Alimtambua Agatha kwa kumpapasa kichwa.

"Umekua," alisema. "Na samaki wangu je, naye amekua?"

"Anakuja, Bibi," alijibu Agatha, akakimbilia jikoni.

Huko nyuma ya jiko Kibibi alimpa shauri. "Nunua samaki kwa Mama Huruma, umwambie Bibi umevua wewe. Nani atajua? Bibi mwenyewe jicho limefungwa, ataona wapi?"

Kibibi hakusema kwa ubaya. Aliona rafiki yake ana shida, akatoa dawa ya karibu. Agatha alichukua vijisenti vyake vya mayai ya kuku, akaenda. Lakini maneno yale, jicho limefungwa, ataona wapi, yalimwasha njia nzima kama upupu.

Mama Huruma alikuwa barazani kwake akishona sare.

"Shikamoo, Mama Huruma."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Bibi?"

"Nzuri. Nimekuja kununua samaki wake."

"Si nilisikia Bibi anamsubiri samaki wako wewe?" Mama Huruma alisimamisha cherehani. "Huyu utamwambia kavuliwa na nani?"

Agatha alichora ardhi kwa kidole cha mguu. Uongo ulikuwa umekwisha kupangwa vizuri kichwani, lakini haukutoka. Ukatoka ukweli wote, kuanzia shazia, mpaka fimbo ya Masasi, mpaka kisiki. Mama Huruma alisikiliza bila kucheka, isipokuwa pale kwenye shazia, ambapo hata yeye alishindwa.

"Sasa nisikilize," alisema akijifuta macho kwa pindo la kitenge. "Wewe umenunua kuanzia dukani. Mvuvi ananunua kuanzia kinywani mwa samaki. Ulipaswa kujiuliza kwanza, ninayemtaka ni nani, kinywa chake kikoje, anakula nini, anakaa wapi. Ukijua hayo, duka halikudanganyi." Akainua kifuko cha sindano za cherehani na kumwonyesha ndoana mbili zilizochomekwa humo, ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga. "Hizi ndizo za perege. Na uzi wa nailoni mwembamba. Basi, vya kununua ni hivyo viwili. Vingine vyote viko nyumbani kwenu."

"Lakini fedha zimekwisha, Mama Huruma."

"Fimbo yako si mbovu. Ni ya bahari, imepotea njia tu. Husseni, dereva wa lori la korosho, kila akifika Mtwara anavua pale bandarini. Jumatatu atapita hapa kunywa chai. Mpelekee."

Jumatatu Agatha alisimama mbele ya mkahawa wa kijiji na fimbo yake, Kibibi ubavuni. Husseni, mwanamume mrefu mwenye kofia ya kiua, aliigeuza fimbo huku na huku, macho yakimeta.

"Nzima hii?"

Kibibi alimfinya Agatha mkono. Agatha akasema hata hivyo, "Fimbo ni nzima, mjomba. Lakini nimeitumia siku tatu. Samaki wake wa mpira amenasa kwenye kisiki, na uzi ulikatika, umepungua."

Husseni aliukagua uzi. "Hayo nisingeyajua mpaka nifike Mtwara," alisema. Bei aliyotoa haikufika nusu ya ile ya dukani, na Agatha aliipokea kwa mikono miwili. Ilitosha kununua ndoana na uzi pale kijijini, ikabaki na ya daftari.

Jioni alimweleza baba yake kila kitu. "Kwa hiyo umenunua mara mbili," alisema Baba.

"Ndiyo, Baba. Lakini sikuja na mkono mtupu."

Baba alicheka, akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akampa nati ndogo ya karakana iwe chubwi, ile ya kuuzamisha uzi. Mama Huruma alileta ufito wa mwanzi uliokaukia darini kwake. Boya likasumbua kidogo, maana lazima lielee na lionekane. Bibi, aliyekuwa mkekani akisikiliza mipango yote, alivua kandambili yake nyekundu iliyokatika mkanda.

"Kateni hapa kwenye kisigino," alisema. "Imenifikisha hospitali, imemaliza kazi."

Agatha alikata kipande kidogo kama tonge, akakipitisha uzi. Kisha, kwa kuwa hakutaka tena kitu cha kuficha, alipiga magoti mkekani. "Bibi, nilisema samaki anakuja. Ukweli ni kwamba bado sijavua hata mmoja."

"Kwa hiyo bado yuko majini?"

"Bado, Bibi."

"Basi hajaharibika," alisema Bibi. "Nipe huo ugali niukande. Mikono yangu haina mtoto wa jicho." Akaomba na korosho chache zilizokaangwa, akazisaga kwa jiwe, akachanganya na ugali mpaka chambo kikawa laini na kunukia hivi kwamba Kibibi alikionja.

Jumatano perege walikuja. Boya likatikisika, Agatha akavuta kwa nguvu, akapata ndoana tupu. Ikawa hivyo mpaka chambo kikaisha. Alhamisi Mama Huruma alipita, akakaa kando yake dakika chache. "Likitikisika, wanaonja. Waache waonje. Likizama ndipo uinue, tena kwa kifundo cha mkono, si kwa mwili mzima. Hung'oi muhogo." Siku hiyo Agatha alipata mmoja, mdogo kama kidole. Alimshika akicheka kwa furaha, kisha akamrudisha majini akue.

Ijumaa Bibi alifunguliwa bandeji. Alirudi kutoka Ndanda akitazama kila kitu polepole, kuku, mlango, sura ya mwanawe, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja miaka. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Alasiri, jua lilipopoa, Bibi alijifunika kanga kichwani akadai kupelekwa bwawani.

"Daktari amesema upumzike," alisema Mama.

"Nangu," alijibu Bibi, maana kila alipotaka watu wajue kwamba ni yeye anayesema, alianza kwa Kimakonde, "mimi, nitapumzikia bwawani."

Wakamwekea kigoda kando ya majani. Agatha akachomeka chambo, akatupa, boya jekundu likatulia juu ya maji. Mama Huruma alikuwa upande wa pili na mwanzi wake. Kibibi alikatazwa kusema, na safari hii aliweza. Boya likatikisika. Agatha akashikilia ufito, hakuvuta. Likatikisika tena, likatulia. Wingu likapita, maji yakawa meusi, na Agatha akapepesa macho, hajui tena boya liko wapi.

"Limezama," alisema Bibi.

Agatha akainua kwa kifundo cha mkono. Ufito ukapinda, uzi ukachora duara majini, na perege mpana kuliko kiganja cha Baba akatoka akimetameta. Agatha hakumtazama samaki. Alimtazama Bibi, aliyekaa kwenye kigoda na jicho lake jipya limelowa machozi.

"Umeliona wewe, Bibi," alisema. "Mimi sikuliona."

"Nimeliona," alisema Bibi. "Kandambili yangu nitaikosaje?"

Walivua wengine watatu kabla ya giza, na chungu kikawekwa jikoni jioni ile ile. Mama Huruma na Kibibi walikaribishwa. Bibi alipewa perege wa kwanza, mzima, akamla bila haraka, hata kichwa akakinyonya mpaka mfupa ukawa mweupe. Aliponawa, alimwita Agatha akae karibu.

"Samaki wako ni mtamu," alisema. "Lakini nimesikia safari yake yote, na hiyo nayo ni tamu. Umejifunza nini?"

Agatha alifikiri. "Nisinunue kitu kwa sababu kinang'aa."

"Hilo ni sehemu. Kingekuwa hafifu kisichofaa, ungekosea vile vile, kama kwenye shazia. Anayeanza kazi hahitaji kifaa cha bei kubwa wala cha bure, anahitaji kinachoifaa kazi yenyewe, na njia ya kukijua hicho ni kumwuliza anayeifanya. Ungeuliza siku ya kwanza, machozi ya barabarani yangebaki machoni. Mtu wa Newala kutojua maji si aibu, mjukuu wangu. Aibu ni kukaa karibu na ajuaye na kufunga mdomo. Mwanzo wa ngoma ni lele. Anza kidogo, uliza, kisha sema kweli hata pale mwenzako asipoweza kukuona. Ungenipa samaki wa kununua, ningemla na kumsifu. Ila leo bwawani nisingekuwa na cha kuona."

Kibibi, aliyekuwa amemaliza samaki wake, aliinamia sahani yake. Kisha akasema polepole, "Mama Huruma, na mimi utanifundisha?"

"Jumamosi ijayo," alisema Mama Huruma. "Uje na mdomo kama wa leo bwawani."

Jumapili asubuhi wote walimsindikiza Bibi hadi kituoni. Alipanda basi bila kushikwa mkono, akakaa dirishani, miguuni amevaa viatu vipya alivyonunuliwa na Baba. Basi lilipoanza kunguruma alitoa mkono nje, akamkabidhi Agatha kitu kilichofungwa katika gazeti. Agatha alifungua. Ilikuwa kandambili ya pili, nyekundu, nzima.

"Hiyo ina maboya mengi," alisema Bibi. "Mwakani nitakuja nione yakizama."